Chumvi yaokoa dereva, yala pikapu yake

Na Mwandishi Wetu

Pikapu imenyanyuliwa hadi juu ya kichwa cha fundi. Bodi yake inang'aa, viti havijachanika, injini haina tatizo. Fundi hana haja na hayo. Ameshika nyundo ndogo na anaigonga chasisi kutoka mbele kurudi nyuma, huku ametega sikio. Chuma kizima hulia kwa ukali. Anapofika juu ya ekseli ya nyuma, pale chasisi inapopinda, mlio unakufa. Anaweka nyundo chini, anachukua bisibisi na kuisukuma. Inazama hadi kwenye mpini, na magamba ya kutu yenye upana wa kiganja yanamwangukia mabegani.

Mwenye gari alikuwa amekuja kubadilisha oili tu.

Mambo ya namna hii ni ya kawaida katika gereji za Ohio, Michigan, Pennsylvania, New York, Minnesota na Maine, na ng'ambo ya mpaka, katika majimbo ya Ontario na Quebec nchini Kanada. Wamarekani huliita eneo hilo ukanda wa chumvi. Kila majira ya baridi barabara zake humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na kila majira ya machipuko mafundi huanza kuhesabu hasara. Gari lenye injini ya kwenda miaka 20 huishia kwa wauza vyuma chakavu likiwa na miaka 12, kwa sababu chini hakuna tena chuma cha kushikilia kilicho juu.

Mada hii si ngeni kwa Waswahili kama inavyoweza kudhaniwa. Wakongo, Wakenya, Warundi na Wabantu wa Kisomali wamejenga maisha katika miji ya ukanda huohuo: Columbus, Grand Rapids, Minneapolis, Lewiston, Toronto. Wako wanaoendesha malori ya masafa marefu, na wako wanaonunua pikapu iliyotumika kwa ajili ya kazi za ujenzi au kukata nyasi. Gari la kwanza aghalabu huwa la bei ya chini, na bei ya chini mara nyingi ina sababu yake uvunguni.

Ilivyoanza

Chumvi haikuwa barabarani tangu zamani. Jimbo la New Hampshire lilianza kuijaribu mwaka 1938, na katika majira ya baridi ya 1941 hadi 1942 Marekani nzima ilitumia tani 5,000 tu. Kabla ya hapo miji ilimwaga mchanga na majivu, na magari yalifungwa minyororo kwenye matairi. Baada ya vita, barabara kuu zikapanuliwa, watu wakahamia pembezoni mwa miji, na kila mtu akataka afike kazini saa mbili asubuhi hata kama theluji imeanguka usiku kucha. Idara za barabara zikajiwekea lengo jipya: lami ionekane nyeusi muda mfupi baada ya theluji kukoma.

Leo makadirio ya kawaida kwa Marekani ni zaidi ya tani milioni 20 kwa mwaka. Kanada humwaga karibu tani milioni 5.

> Tani 5,000 mwaka 1941. Zaidi ya tani milioni 20 kwa mwaka leo.

Chumvi hiyo haitoki mbali. Chini ya jiji la Detroit lenyewe, kiasi cha mita 360 ardhini, kuna mgodi wenye barabara zake, ambao ulianza kuchimbwa miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Mwingine uko chini ya Ziwa Erie, mjini Cleveland. Mkubwa kuliko migodi yote ya chumvi ya chini ya ardhi duniani uko Goderich, Ontario, ukiwa umejipenyeza chini ya Ziwa Huron kwa kina cha zaidi ya nusu kilomita. Jiji linalojulikana duniani kwa kuunda magari limekalia chumvi inayoyala.

Kazi ya chumvi ni kushusha kiwango cha joto ambacho maji huganda. Chumvi ya kawaida, ile ile ya jikoni lakini chafu na yenye mawe, hufanya kazi vizuri hadi kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo huanza kulemewa. Ndipo yanapoingia madawa makali zaidi, kloridi ya kalisi na kloridi ya magnesi, ambayo huyeyusha barafu hata kwenye baridi ambayo chumvi ya kawaida imeshaishiwa nguvu.

Hayo mawili yana tabia ambayo mwenye gari anapaswa kuijua. Hunyonya unyevu kutoka hewani. Chumvi ya kawaida hukauka siku ya jua na kubaki unga mweupe unaoonekana. Kloridi ya magnesi hubaki mbichi, imenata kwenye chuma, na kazi yake inaendelea hata wakati gari limeegeshwa na barabara imekauka.

Uvunguni kuna nini

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni. Chumvi huyafanya maji hayo yapitishe umeme kirahisi, na kutu kimsingi ni kazi ya umeme mdogo unaosafiri kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Kloridi nayo hutoboa ule utando mwembamba unaojitengeneza juu ya metali na kuilinda. Kisha kutu yenyewe huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo ikiingia kati ya mabati mawili yaliyobanwa pamoja huyatanua hadi bolti zikatike.

Pikapu na lori huumia kuliko gari dogo kwa sababu ya umbo. Zina chasisi, yaani boriti mbili ndefu zenye viungo vya kukingama, na bodi hukaa juu yake. Boriti nyingine zimefungwa pande zote nne kama bomba la mraba ili ziwe imara, lakini ndani yake ni giza, na matope yenye chumvi huingia kwa matundu ya kupitishia maji, hukaa humo na kuyaziba. Juu ya tangi la mafuta kuna nafasi ndogo ambayo mkono hauingii. Juu ya ekseli ya nyuma kuna mpindo unaopokea kila kinachorushwa na matairi. Mikanda ya chuma inayoshikilia tangi la mafuta hulala imegusana na tangi muda wote, na katikati yake ni mbichi.

Hatari kubwa zaidi ni ndogo kwa macho. Ni bomba la breki, ambalo katika magari mengi lina kipenyo cha milimita 4.75 tu. Linatambaa kandokando ya chasisi kutoka mbele hadi magurudumu ya nyuma, limeshikwa kila baada ya hatua fulani na kibanio cha plastiki. Ukikifungua kibanio hicho kwenye gari la miaka minane lililokaa Ohio, mara nyingi utakuta bomba lote limebaki na rangi yake ya awali isipokuwa sentimita mbili zilizokuwa ndani ya kibanio. Hapo ndipo chumvi ilipojificha. Siku dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, mafuta yenye msukumo mkubwa hupasua hapo hapo, na pedali huzama hadi sakafuni.

Liko jambo moja linalowashangaza hata waliozaliwa kwenye theluji. Gereji yenye joto huongeza kutu. Gari lililolala nje kwenye baridi kali limeganda, na kutu yake inakwenda polepole mno. Gari lilelile likiingizwa kila jioni kwenye gereji ya nyumbani yenye kipasha joto, likiwa limejaa theluji yenye chumvi, huyeyuka, hulowa na kukaa usiku kucha katika hali inayoifaa kutu kuliko zote. Mwenye nyumba anadhani amelitunza.

> Gari lenye chumvi likilala kwenye gereji yenye joto huoza upesi kuliko likiachwa nje.

Nani alipe?

Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitoa makadirio kwamba madereva wa nchi hiyo hulipa dola bilioni 3 kwa mwaka kutengeneza uharibifu wa kutu unaotokana na chumvi na madawa ya barabarani. Kila tengenezo moja liligharimu karibu dola 500 kwa wastani. Hiyo ni pesa inayotoka mfukoni mwa mwenye gari. Bima ya kawaida haigusi kutu.

Je, mtengenezaji hahusiki? Kesi iliyotikisa soko ni ya Toyota. Tacoma, pikapu ambayo huko Marekani imeshika nafasi ya Hilux tunayoijua Afrika Mashariki, ilianza kuonekana ikiwa na chasisi zilizotoboka. Mwaka 2008 kampuni iliongeza dhamana ya kutu kwa Tacoma za 1995 hadi 2000 hadi kufikia miaka 15, na zile zilizokuwa zimeoza kupita kiasi ilizinunua kutoka kwa wenyewe kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Si kila siku muuzaji wa magari hununua gari bovu kwa bei kubwa kuliko ya sokoni.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi nyingine nje ya hukumu, iliyohusu magari takribani milioni 1.5 ya aina za Tacoma, Tundra na Sequoia. Thamani ya makubaliano ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, kwa hesabu kwamba kubadilisha chasisi moja kungegharimu kama dola 15,000. Kampuni haikukiri kosa.

Madai ya wenye magari yalikuwa kwamba chasisi hizo hazikupewa kinga ya kutosha kiwandani. Hoja hiyo ina uzito, maana pikapu za aina nyingine zilipita katika chumvi ileile bila kutoboka kwa kiwango hicho.

Lakini upande wa pili nao ulishinda mahali pengine. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilichunguza kwa miaka kadhaa malalamiko ya mabomba ya breki yaliyooza kwenye pikapu na magari makubwa ya General Motors ya 1999 hadi 2003, jumla yake karibu milioni 5. Mwaka 2015 ilifunga faili bila kuamuru magari yarudishwe. Ilisema mabomba hayo yalichakaa kwa umri na chumvi, na kwamba tatizo liko pia kwa watengenezaji wengine. Badala ya agizo ikatoa ushauri kwa wenye magari: waoshe uvungu mara kwa mara wakati wa baridi, waoshe kwa kina majira ya machipuko, na wakague mabomba gari likishazeeka.

Kwa maneno mengine, mzigo ulirudi kwa mwenye gari. Ukaguzi wenyewe hutegemea anakoishi. Pennsylvania na New York hukagua usalama wa magari kila mwaka, na chasisi iliyotoboka haipiti. Ohio na Michigan, zilizo katikati ya ukanda wa chumvi, hazina ukaguzi wa namna hiyo kwa magari binafsi. Pikapu iliyokataliwa upande mmoja wa mpaka wa jimbo inaweza kuuzwa upande wa pili ikiwa imeoshwa tu.

Mpako mgumu au mafuta?

Hapa ndipo ubishi wa mafundi unapopamba moto, na hapa ndipo pesa nyingi inapopotea.

Kundi la kwanza huamini mpako mgumu: mpira wa maji au lami inayopulizwa chini ya gari, ikakauka na kuwa ngozi nyeusi. Wauzaji wa magari mapya hupenda kuuuza pamoja na gari, kwa sababu unapakwa mara moja, unaonekana, na bei yake huingizwa kwenye mkopo. Biashara ya kupaka magari kinga ya kutu ilipata umaarufu Detroit mwaka 1959, pale fundi mwenye asili ya Ujerumani, Kurt Ziebart, alipoanzisha kampuni iliyobeba jina lake.

Kundi la pili hutumia mafuta mepesi au nta laini, na hurudia kila mwaka. Kanada ndiko kwenye mizizi ya desturi hii; kampuni za huko kama Krown na Rust Check zimejenga matawi mengi kwa kazi hiyo moja. Mafuta hayakauki. Yanapenya kwenye maungio ya mabati, yanapanda ndani ya nyuzi za bolti, yanasukuma maji nje. Wengine hupendelea lanolini, yaani mafuta yanayotolewa kwenye sufu ya kondoo. Bidhaa maarufu ya aina hiyo, Fluid Film, asili yake ni kulinda vyuma vya meli za kivita za Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ni mahali pachache panapofaa kujaribia dawa ya chumvi kuliko tumbo la meli.

Mpako mgumu si mbaya kwa kila hali. Kwenye gari jipya, chuma kikavu na safi, ukipakwa na mtu anayejua kazi, hukinga vizuri dhidi ya mawe na maji. Ubaya wake ni kwamba hupasuka. Jiwe moja likiuchana, maji ya chumvi huingia nyuma ya ile ngozi na hayana pa kutokea. Kutu inaendelea kimyakimya chini ya kitu kinachoonekana kizima, na mwenye gari hajui hadi siku linapong'oka bonge zima likiwa limebeba chuma mgongoni. Kuupaka juu ya kutu iliyokwisha kuanza ni kuifunika ili isionekane, na kwa gari lililotumika makala haya hayaoni sababu ya kuufanya.

Mafuta nayo yana kero zake. Hudondoka siku mbili tatu na kuchafua maegesho. Sehemu zinazopigwa moja kwa moja na maji ya matairi huoshwa kabla ya msimu kwisha. Baadhi ya aina huvimbisha mpira, hivyo fundi makini hukwepa bushi na mabomba ya mpira yasiyostahimili mafuta. Na hayapaswi kamwe kugusa diski za breki wala ekzosi. Juu ya yote hayo yanahitaji nidhamu: yasiporudiwa mwaka unaofuata, kinga imekwisha.

Pamoja na kero hizo, mafuta ndiyo yanayosamehe makosa. Yakipulizwa juu ya kutu iliyoanza, huipunguzia kasi badala ya kuifungia ndani. Yakitoka sehemu moja, fundi huona na kuongeza. Bei yake kwa mwaka ni dola mia na kitu hadi mia chache, kutegemea gari na mahali, na fundi wa nyumbani mwenye kompresa na bunduki ya kupulizia yenye mrija mrefu anaweza kuifanya mwenyewe kwa pungufu ya hapo. Huo mrija ndio wenye maana. Anayepuliza kwa nje tu amepamba. Kazi iko ndani ya boriti, ndani ya milango, nyuma ya tangi.

> Anayepuliza kwa nje tu amepamba. Kazi iko ndani ya boriti.

Mwezi mzuri ni Septemba au Oktoba, kabla theluji haijaanza na wakati chuma bado kikavu. Uvungu huoshwa kwanza, huachwa ukauke kabisa, magamba yaliyolegea huondolewa kwa brashi ya waya, matundu ya maji huzibuliwa kwa waya au bisibisi. Ndipo mafuta. Wakati wa baridi yenyewe, siku ambayo joto limepanda juu ya sifuri ndiyo siku ya kupeleka gari mahali pa kuoshea uvungu kwa maji. Yafaa kuuliza pia kama mahali hapo hurudia maji yaleyale. Maji yaliyokwisha osha magari mia si maji matamu tena.

Kuna wakongwe wa mashambani, Kanada na Marekani, wasiotaka kusikia habari za kampuni. Wao hupuliza oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kisha huendesha gari kwenye barabara ya vumbi ili vumbi ligandie. Wasomaji wa Mwanza au Nakuru watatabasamu, maana oili chafu chini ya gari hawakufundishwa na Mkanada. Kama kizuizi cha maji inasaidia kiasi. Lakini imebeba asidi na mabaki ya metali kutoka kwenye injini, na kila inachodondosha huingia kwenye udongo na visima. Sheria za mazingira za nchi hizo haziruhusu kuimwaga ovyo, na mafuta safi yameshakuwa nafuu kiasi kwamba kisingizio hakipo.

Lipo kundi la tatu, la visanduku vya umeme. Hufungwa kwenye betri na kuahidi kuzuia kutu kwa mkondo mdogo. Kwenye meli na mabomba ya mafuta yaliyozikwa, njia ya umeme inafanya kazi, kwa sababu chuma kimezungukwa na maji au udongo unaokamilisha mzunguko. Gari linazungukwa na hewa. Katika miaka ya 1990 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliichukulia hatua kampuni iliyokuwa ikiuza kifaa cha aina hiyo kwa madai yasiyo na ushahidi. Visanduku hivyo bado vinauzwa.

Kwa mabomba ya breki dawa ya kudumu inajulikana. Fundi anapobadilisha bomba la chuma lililooza, anaweza kuweka la mchanganyiko wa shaba na nikeli. Halishiki kutu, ni rahisi kupinda kwa mkono, na Volvo walikuwa wakilitumia tangu miaka ya 1970. Linaongeza gharama kidogo, na hiyo "kidogo" ndiyo iliyowafanya watengenezaji wengine waendelee na chuma kwa miongo.

Malori makubwa

Dereva wa lori la magurudumu 18 hana anasa ya kukaa nyumbani theluji ikianguka. Anapita majimbo matano kwa wiki, na kila jimbo lina dawa yake: hapa chumvi kavu, pale maji ya chumvi, kule magnesi. Yote hukutana chini ya trela moja.

Kwenye breki za ngoma, maji ya chumvi hupenya kati ya kiatu cha breki na kile kipande cha msuguano kilichokazwa juu yake. Kutu inavimba katikati, inakiinua, hadi kinapasuka. Mkaguzi wa barabarani akiona ufa huo hulisimamisha lori hapohapo. Tangi za mafuta za alumini nazo hulika pale zinapokutana na mikanda ya chuma, kwa kuwa metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi, mmoja humla mwenzake.

Umeme ndio unaowasumbua zaidi mafundi wa malori. Kuna mazoea ya kutafuta hitilafu kwa kutoboa ganda la waya na ncha ya taa ya kupimia. Tundu lenyewe halionekani kwa jicho. Maji ya chumvi hulipata, huingia, na hutambaa ndani ya waya mita kadhaa, yakigeuza shaba kuwa unga wa kijani. Miezi miwili baadaye taa za trela zinazimika, na hakuna anayekumbuka nani alitoboa. Kampuni zenye uzoefu zimepiga marufuku mtindo huo, na huagiza kila kiunganishi kijazwe grisi isiyopitisha umeme kabla ya majira ya baridi.

Jibini, viazisukari na maji ya kunywa

Idara za barabara zina hoja ambayo mwenye gari hawezi kuipuuza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Marquette wa mwaka 1992, unaotajwa hadi leo, ulionyesha kwamba ajali zilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 baada ya barabara kumwagiwa chumvi. Wafanyabiashara wa chumvi huipenda sana takwimu hiyo, na wana kila sababu ya kuipenda. Hata hivyo, aliyewahi kuona gari likiteleza kwenye daraja lililoganda hahitaji utafiti.

Swali basi ni kiasi. Njia iliyoenea ni kunyunyiza maji yenye chumvi ya asilimia 23 kabla ya theluji kuanguka, ili barafu isishike lami tangu mwanzo. Inatumia chumvi kidogo kuliko kumwaga mawe juu ya barafu iliyokwisha ganda. Wenye magari hulalamika kwamba maji hayo hupenya maungio kuliko punje kavu, na hawakosei.

Wengine huchanganya chumvi na mabaki ya viwanda vya sukari ya viazisukari, ambayo huifanya inate barabarani badala ya kurukia pembeni. Wisconsin, jimbo la jibini, limekwenda mbali zaidi: wilaya ya Polk ilianza kunyunyiza maji ya chumvi yaliyobaki viwandani baada ya kutengeneza jibini, na jiji la Milwaukee likaijaribu mbinu hiyo mwaka 2013. Barabara zilinukia kidogo.

Shinikizo kubwa la kupunguza linatoka kwa watu wa maji, si kwa watu wa magari. Kanada ilitamka mwaka 2001 kwamba chumvi ya barabarani ni sumu kwa mazingira kwa mujibu wa sheria yake. Mamlaka ya mazingira ya Minnesota huwaambia wananchi kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni tano za maji, na kuitoa humo ni kazi ghali mno. New Hampshire, lile jimbo la kwanza, sasa huwapa mafunzo wamwagaji wa maegesho binafsi, na aliyehitimu hulindwa kisheria asishtakiwe kirahisi mtu akiteleza. Walikuwa wakimwaga kupita kiasi kwa kuogopa mawakili kuliko barafu.

Kutoka Niigata hadi Mombasa

Pikapu za Marekani zina usukani wa kushoto, hivyo haziji kwa wingi Kenya na Tanzania. Kutu ya theluji hutufikia kwa njia nyingine.

Japani ina theluji nyingi, hasa Hokkaido na mwambao wa magharibi kama Niigata na Akita. Mwaka 1990 nchi hiyo ilitunga sheria dhidi ya matairi yenye misumari kwa sababu ya vumbi lililokuwa likichimbuliwa barabarani, na matumizi ya madawa ya kuyeyusha barafu yakapanda baada ya hapo. Magari ya huko huuzwa kwenye minada ileile na magari ya Okinawa au Tokyo. Malori mengi yaliyotumika ya DAF na Scania yanayofika Dar es Salaam hutoka Uingereza, nchi inayomwagia barabara zake chumvi ya mgodi wa Winsford, uliofunguliwa mwaka 1844.

Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, na Tanzania huyatoza kodi ya uchakavu magari yaliyozeeka. Lakini umri pekee hausemi kitu. Gari la miaka saba lililokaa Akita limepita majira saba ya chumvi, na joto la Pwani likilipokea likiwa na chumvi hiyo ndani ya boriti, kutu huongeza kasi badala ya kupunguza.

Mnunuzi ana silaha mbili. Ya kwanza ni karatasi ya mnada wa Japani. Herufi S juu ya mchoro wa gari ni kutu. C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Namba inayofuata huonyesha ukubwa wake, na maelezo ya mkaguzi chini ya mchoro mara nyingi hutaja uvungu. Ya pili ni macho. Huko Japani ni kawaida kupuliza chasisi rangi nyeusi kabla ya ukaguzi au mauzo, na rangi hiyo hulala juu ya chuma kizima na kilichooza bila ubaguzi. Uvungu mweusi tii, unaofanana kila mahali hadi kwenye bolti na mabomba, haupaswi kumfurahisha mtu. Chini ya rangi, magamba huonekana kama vipele; ukikwangua kwa ukucha, yanang'oka.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma pesa, mnunuzi aombe picha za uvungu zilizopigwa karibu: mpindo juu ya ekseli ya nyuma, mikanda ya tangi la mafuta, mabomba ya breki kwenye vibanio vyake, na sehemu springi zinaposhikana na chasisi. Picha hizo muuzaji huzipiga kwa simu chini ya dakika tano. Anayekataa kuzituma aachwe na gari lake.